Mlinzi wa Kasha Jekundu

Haya, wewe unayefunga vyakula vya matembezi yenu ya kesho, acha kidogo hicho kifuniko unitegulie hiki. Nina mgeni. Hapigi hodi, hana rangi, hana harufu, hana sauti. Unamkaribisha kwa mkono wako mwenyewe, unampakulia kwa upawa wako mwenyewe, na jioni nyumba nzima mnagaagaa chini, yeye humwoni. Ni nani?

Mwizi? Mwizi ana miguu, tungemsikia. Upepo? Upepo haumlazi mtu na ndoo ubavuni. Usingizi? Hapo umenigusa mahali, lakini siyo. Basi umeshindwa, nipe mji. Asante. Nimeuchukua mji wako, nimekwenda, wamenichinjia, nimekula nimeshiba, na kwa kuwa mimi ni bibi yako nimekurudishia. Mgeni huyo ni kijidudu kinachozaliana kwenye chakula kilichokaa vuguvugu. Ndicho kilichovunja nyumba ya mdogo wangu bila kuangusha tofali hata moja. Kaa nikusimulie, na mikono yako iendelee na kazi. Masikio hayahitaji mikono.

Mdogo wangu ninayemsema ni huyo unayemwita bibi mdogo, anayekuja hapa na mkoba wake wa kufuma na kuondoka hujui kasema nini. Usidhani alizaliwa hivyo. Enzi zake aliitwa Barafu, na jina hilo halikutokana na ubaridi wa moyo. Alikuwa mpishi wa vyakula vya nje: harusi za uwanjani, mahafali ya shule, chakula cha wafanyakazi kiwanda kikifunga mwaka, familia zinazokwenda kukaa kando ya mto siku ya mapumziko. Wengine walimwita kwa ajili ya kuku wake. Wenye akili walimwita kwa sababu hakuna aliyewahi kula kwake akaumwa tumbo.

"Kupika jikoni kwako, dada, ni kulea mtoto ndani ya nyumba," alikuwa akiniambia. "Kupikia nje ni kumpeleka huyo mtoto sokoni. Ukigeuka kidogo tu, umempoteza."

Na kweli alijua kulea. Nyama mbichi ilikuwa na kisu chake na ubao wake, na ubao huo haukuwahi kukutana na nyanya hata kwa bahati mbaya. Dumu la maji lenye bomba liliwekwa mahali pake kabla sufuria ya kwanza haijateremshwa, na sabuni imefungwa kamba pembeni, maana alisema sabuni isiyofungwa ina miguu. Kuku alimpika mpaka ukimchoma kisu pajani anatoa maji meupe, siyo ya damu. Kilichopikwa jana yake hakukiacha kilale ndani ya sufuria ndefu kikijifukuta. Alikitandaza kwenye masinia ya bati kipoe upesi, ndipo kiingie kwenye friji. Ukimbishia, alikuimbia kamstari kake alikokatunga mwenyewe: cha moto kiunguze, cha baridi kitetemeshe, cha vuguvugu kimwagwe. Msichana mmoja aliyekuwa akimsaidia aliwahi kumwambia, "Lakini mama, mbona hakinuki?" Akamjibu, "Na uongo je, unanuka?"

Kiungo kikubwa cha kazi yake kilikuwa kasha jekundu. Alitengenezewa na mumewe, shemeji yangu, seremala wa mikono ya dhahabu, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Wakati huo makasha ya plastiki ya dukani yalikuwa hayajafika kwetu, au yalifika yakatupita juu ya vichwa. Seremala akapiga kuta mbili za mbao, moja ndani ya nyingine. Katikati akashindilia unga wa mbao uliokauka, ndani akavika bati, mdomo wa kifuniko akauzungushia mpira wa baiskeli ili hewa isipenye. Rangi nyekundu ilikuwa mabaki ya mlango wa mtu. Ukilijaza barafu asubuhi, jioni unaikuta imepungua kidogo tu, kama kipande cha sabuni ya juzi. Mdogo wangu alikuwa akijisifu kwa wanawake wenzake, "Nyinyi mlipendwa kwa mikufu. Mimi nilipendwa kwa kasha."

Kasha hilo lilikuwa na sheria moja. Halifunguliwi mpaka sahani ziwe mezani, na anayelifungua ni yeye. Vinywaji vilikaa mbali, kwenye pipa la bluu lenye barafu yake, kila mtu atumbukize mkono apendavyo. "Kinywaji kikipata joto utanung'unika," alisema. "Kuku akipata joto utalazwa."

Nyumbani kwao alikaa pia mama yake Seremala, katika chumba cha uani. Mama huyo alifiwa na mume mapema akabaki na huyo mtoto mmoja, akamlea kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikapinda. Yeye na mdogo wangu walikuwa chanda na pete, jambo ambalo majirani hawakulipenda, kwa kuwa liliwanyima maneno. Mimi nikienda pale, yeye na mimi kazi yetu ilikuwa kutegeana vitendawili mpaka chai ipoe. Alinishinda miji mingi, yule mama. Kama ingekuwa miji ya kweli, leo angekuwa na serikali.

Sasa, ikaja siku ya kumuaga msimamizi wa karakana alikofanya kazi shemeji. Mzee alikuwa anastaafu, na mafundi wakakubaliana wampeleke kando ya mto, kwenye nyasi, wamlishe, wamsifu, wampe kiti walichomtengenezea. Upishi akapewa Barafu. Ilikuwa heshima kubwa kwa shemeji pia, kwa sababu ilisemekana kiti cha usimamizi kingemwangukia yeye.

Asubuhi tulipakia vitu kwenye lori la mbao. Kulikuwa na fundi mmoja waliyemwita Msasa, kwa jinsi ulimi wake ulivyokwaruza. Akatazama kasha linavyofungwa kamba, akasema, "Shemeji Barafu, humo mna kuku au mna maiti?"

"Mna kuku," akajibu mdogo wangu. "Maiti utakuwa wewe ukilifungua."

Watu wakacheka. Msasa akamgeukia Seremala. "Huyu bwana miaka yote anatuimbia kasha, kasha, linagandisha mpaka mbu. Sisi hata ubaridi wake hatujauonja. Mimi nasema ni kabati tu la nguo, limepakwa rangi."

Shemeji naye akacheka, lakini kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole. "Mtaonja," akasema.

Tulipofika, turubai likafungwa kati ya lori na miti, meza zikapangwa. Mdogo wangu alichagua mahali pa moto mbali kidogo, upande unaopeleka moshi mtoni, na kasha akaliweka nyuma ya lori, palipokuwa na kivuli kizito. Juu ya kasha akatandika blanketi. Mama mkwe wake alikuja nasi kwa sababu alimpenda yule msimamizi, aliyempa mwanawe kazi akiwa bado hajui kushika randa. Akawekewa kigoda pale pale penye kivuli.

"Mama, nakuachia kasha langu," mdogo wangu akamwambia. "Asilifungue mtu, hata awe nani."

"Hata awe mtoa roho, atanikuta," akasema mama, akaiweka bakora yake magotini.

Mimi na mdogo wangu tukaenda kwenye wali. Mafundi wakaanza hotuba. Unajua hotuba za watu wasiozoea kuhutubia, mtu anaanza na shukrani, anarudi kwenye shukrani, anamaliza kwa shukrani. Jua likapanda. Nikasikia upande wa meza wakilalamika kwamba pipa la bluu limekuwa supu, barafu yote imekwisha, na sauti ya Msasa ikiwa juu ya zote: "Mume wa Barafu, wageni wako wanakunywa chai!"

Muda ukapita. Hotuba nyingine, kisha nyingine. Halafu shemeji akatujia jikoni na chupa mbili zinazotoka jasho. Nilipokunywa meno yaliniuma kwa baridi. "Shemeji, Mungu akuzidishie," nikamwambia. Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti anapuliza makaa. Chupa yake aliisimamisha chini bila kuitazama, na alipoikumbuka ilikuwa imeshapata joto. Kule mezani niliwasikia wakishangilia, Msasa akisema, "Haya, nimekoma, nimekoma."

Wali ukaiva. Sahani zikapangwa, mstari ukajipanga, msimamizi mbele. Mdogo wangu akanawa, akafungua kamba, akainua kifuniko, kisha akasimama.

Nilikuwa nyuma yake na beseni la matunda, nikaona alichokiona. Siku zote masinia ya kuku aliyaweka chini, yamezamishwa kwenye barafu, na saladi ya viazi na mayai juu yake. Sasa saladi ilikuwa chini na kuku juu. Barafu ilikuwepo bado, ila imepungua kuliko ilivyopaswa.

"Nani kafungua kasha?" akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani ameona miwani yake. Mafundi wakatazamana. Mmoja akasema labda limetikisika kwenye lori. Shemeji alikuwa karibu yetu akigawa sahani, akaendelea kugawa.

"Baba, wewe umeona mtu hapa?" mdogo wangu akamuuliza mumewe.

"Mimi nilikuwa na wageni," akasema.

Akamgeukia mama. "Mama, wewe ulikuwa hapa. Nani kafungua?"

Yule mama alikuwa akiitazama bakora yake. Akainua macho, akatazama watu wote waliosimama na sahani tupu, akayarudisha macho kwenye bakora.

"Nilisinzia, mwanangu," akasema.

Watu wakacheka, siyo kwa ubaya. Msasa akasema, "Mlinzi mwenyewe ndiye huyo?" wakacheka zaidi. Mdogo wangu akagusa kuku kwa mgongo wa mkono. Juu palikuwa na ubaridi. Akanusa. Kuku alinukia kuku. Nilimwona akikunja uso, na nilijua ndani anasikia kamstari kake kale, cha vuguvugu kimwagwe. Lakini utamwaga vipi chakula cha watu wote, kizuri, kinanukia, mbele ya mzee anayeagwa, kwa sababu sinia limekaa juu badala ya chini? Neno moja tu lingetosha kumpa nguvu ya kumwaga. Mtu mmoja angesema tu, "Kilikaa juani." Hakuna aliyesema. Msimamizi akatania, "Binti yangu, tumeshakula hotuba, hazishibishi."

Akapakua.

Kilichofuata utakijua bila kusimuliwa. Jua halijazama, wa kwanza akaanza kujikunja, kisha wa pili, kisha huwezi kuhesabu. Hakufa mtu, kwa hilo nashukuru mpaka kesho. Lakini msimamizi alilazwa na dripu, katika wiki aliyoiota maisha yake yote, na kile kiti kipya kilimsubiri nyumbani bila mtu. Seremala naye aliumwa, kwa kuwa alikula sahani mbili. Aliyeumwa kupita wote ni mama yake, maana tumbo la mzee ni kama paa la zamani, mvua ndogo tu inapenya. Zahanati ilijaa mpaka kwenye mabenchi ya nje. Muuguzi alimuuliza kila mgonjwa kala nini, na kila mmoja alitaja jina lile lile: kwa Barafu, kwa Barafu, kwa Barafu.

Jina la mpishi hulijengi kwa siku moja, ila kulibomoa unatosha mchana mmoja. Aliyekuwa amemwita kwa harusi alikuja kuuliza hali, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema wameamua kupika wenyewe. Shule ikanyamaza. Kiwanda kikanyamaza. Mdogo wangu akarudi kwa kila mtu na swali lake, nyumba kwa nyumba, huku wengine bado wamelala na ndoo pembeni: nani alifungua kasha? Hakutaka kumshtaki mtu. Alitaka kujua alikosea wapi, kwa sababu mpishi asiyejua kosa lake hawezi kuwasha moto tena. Ataliepukaje? Na kila nyumba ilimjibu vile vile. Mimi sijui. Muulize mlinzi.

Kwa hiyo akabaki na mlinzi.

"Mama, niambie ukweli, sitakasirika," alimwambia mama mkwe wake mbele yangu, yule mama akiwa bado amelala kitandani, midomo imekauka. "Ni wewe uliyefungua? Ulitaka kuonja kidogo?"

"Nilisinzia," mama akasema.

"Hujawahi kusinzia mchana tangu nimekuja nyumba hii."

"Basi siku ile nilisinzia."

Seremala alikuwa amesimama mlangoni. Alisema, "Mwacheni mama apumzike," akatoka nje, nasi tukamwona ni mwana mwema.

Tangu hapo ile pete ikatoka kwenye kidole. Hawakugombana, kugombana kungekuwa afadhali. Mdogo wangu alimwamkia mama kila asubuhi kwa maneno kamili na uso ambao haupo. Chakula chake alimpelekea uani, kimefunikwa vizuri, moto kama inavyopaswa, akakiweka mlangoni na kuondoka. Mezani pamoja hawakukaa tena. Watoto wa mtaa, kwa kuwa habari haina mlango, wakampa yule mama jina: Bibi Mlinzi. Mwanzoni ilikuwa utani. Baadaye likawa jina, na wageni wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Akipita na bakora yake walimwuliza, "Bibi Mlinzi, leo hulali?" Naye aliwajibu, "Nitalala, wanangu, zamu yangu ikiisha."

Kasha jekundu likasukumwa kwenye banda la kuku na makorokoro. Mdogo wangu hakutaka kuliona. Lakini kila mvua ilipokatika nilimkuta Bibi Mlinzi bandani, amekifungua kifuniko, anafuta bati kwa kitambaa, anapitisha mafuta kwenye ule mpira. Mdogo wangu alimwona pia, dirishani.

"Ananicheka," aliniambia. "Siku ya kulilinda alilala. Sasa analilinda la nini?"

Nikamwambia mzee huyo, mwache. Sikuwa na neno jingine. Kazi ya upishi ilikuwa imeshakufa. Alikuwa akifuma vitambaa vya meza, na kwa kufuma mtu hahitaji kusema.

Siku moja nilimkuta mama peke yake anachambua mbaazi, nikakaa nimsaidie. Tukaanza vitendawili vyetu kama zamani. Akanitega hivi: "Mlango ni wangu. Nimeufunga mwenyewe. Ufunguo nimempa mwingine."

Nikafikiri. "Sanduku la akiba?"

"Sina sanduku."

"Mimba?"

Akacheka mpaka mbaazi zikamwagika. "Kwa umri huu, mwanangu? Nitaitwa Bibi Muujiza. Siyo."

"Basi kaburi."

"Bado halijafika."

Nikampa mji, mkubwa, wenye barabara za lami. Akaukataa. "Sitaki mji. Hiki utakitegua mwenyewe, au utateguliwa."

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikapenyeza swali. "Mama, siku ile mtoni. Ulilala kweli?"

Aliokota mbaazi moja moja kutoka chini, akazipuliza vumbi. "Walisema nimelala," akasema. "Basi nimelala." Kisha akaniuliza kama mwanawe bado anakohoa, na kama pale karakana wanampa maziwa, maana vumbi la mbao linakaa kifuani.

Seremala? Ule usimamizi hakuupata, alipewa Msasa. Alibaki fundi. Alikuwa mume mzuri, hilo sitamnyima. Lakini aliacha kutengeneza vitu vya nyumbani. Mlango wa jiko lao uling'oka bawaba, ukaegemezwa kwa tofali mwaka baada ya mwaka, nyumba ya seremala. Tukitoka kwenda kula nje na ukoo, yeye alikuwa na kazi. Siku zote alikuwa na kazi.

Bibi Mlinzi akazeeka mpaka bakora ikawa ndefu kuliko yeye. Alifariki alfajiri, kwa upole, na mdogo wangu ndiye aliyemkuta, alipopeleka uji mlangoni na kuukuta wa jana bado upo. Aliniambia alisimama pale na bakuli mkononi mpaka uji ukapoa, na neno lililomjia ni lile lile la kila asubuhi, "Shikamoo, mama," lakini safari hii alilisema kwa uso wake.

Waombolezaji walikuwa wengi, na watu wakirudi kutoka makaburini wanakula. Wanawake wa ukoo wakaanza kupangana nani apike. Mdogo wangu akasema, "Huyu wageni wake nitawapikia mimi." Tukamwachia. Hakuwa amepikia umati tangu siku ya mto.

Akapika kama vile jana tu aliacha. Dumu la maji kwanza, sabuni kwenye kamba. Ubao wa nyama mbali na ubao wa mboga. Jua lilikuwa kali na uani hapakuwa na kivuli cha kutosha, akasema, "Dada, tunahitaji kasha." Tukaenda bandani kulitoa, huku nikijiandaa kwa mbao zilizooza na panya ndani yake.

Tulipoinua kifuniko, ndani lilikuwa kavu na safi kama sahani ya mgeni. Bati linang'aa. Mpira laini, una mafuta. Na katika kona moja, kitambaa kimekunjwa mara nne, tayari kwa mvua ijayo.

Mdogo wangu akakitoa kitambaa, akakaa chini pale pale kwenye vumbi la banda. Hakulia. Alikikunjua, akakikunja tena. "Hakuwa akinicheka," akasema. Nikamwambia wageni wanakuja, mdogo wangu, simama. Akasimama.

Watu walikula wakashiba. Cha moto kiliunguza, cha baridi kilitetemesha, kilichobaki mezani muda mrefu kilimwagwa bila kuulizwa. Hakuna aliyeumwa. Msasa mwenyewe, sasa mzee mwenye mvi, alirudia mara ya pili, akaja kumshukuru akiwa ameshika kofia, ulimi wote umelainika.

Wageni walipopungua tulibaki uani watu wa nyumbani tu. Mimi nilikuwa nasuuza sahani. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mama yake, kile kile, ameishika ile bakora, ameiweka magotini. Mdogo wangu alikuwa amelifungua kasha lipate hewa, analifuta kwa kile kitambaa cha mama, taratibu, kona kwa kona.

"Miaka yote hii," akasema, wala hakumtazama mtu, "nilimhukumu kwa usingizi. Leo nimelifungua hili kasha nikajua mtu huyu hakuwa mtu wa kulala kwenye zamu. Lakini simwelewi. Kama hakulala, aliona. Kama aliona, kwa nini hakuniambia? Nilimuuliza kwa heshima. Ningemwaga tu kile chakula, tungekula wali mtupu, tungecheka. Amekwenda na jibu. Sasa nani ataniambia, nani alifungua kasha?"

Alilisema kama mtu anavyosema na chombo anachokiosha, bila kutaraji kijibu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bomba la dumu. Nikajikuta nakumbuka chupa inayotoka jasho, na meno yangu yakiuma kwa baridi, huku pipa la bluu likiwa limeshakuwa supu. Nikageuka kumtazama shemeji.

Alikuwa ameshaanza kuinuka. Akashindwa, akakaa tena. Akaishika bakora ya mama yake kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi," akasema. "Nilitoa masinia nikatia chupa zao. Nilisema ni kwa muda mdogo tu, nikayaacha juani mpaka hotuba zikaisha. Mama hakulala, mke wangu. Mama alikuwa ananitazama."